Yatima, Mwalimu wa Nyumbani na Mke wa Darini: Kuielewa Riwaya ya Jane Eyre

Kila inapotoka filamu au tamthilia mpya ya televisheni iliyotokana na riwaya za akina Brontë, maswali yaleyale hurudi vinywani mwa watu. Je, Jane Eyre ndiye aliyekiandika kitabu au ndiye anayesimuliwa? Aliishi kweli? Ndiye Jane Austen? Na yule bwana tajiri aliyemfungia mke mwendawazimu darini, kwa nini hakumpa talaka mapema akaoa kwa uwazi? Wanafunzi huyauliza, walimu huyajibu kwa haraka ili kipindi kisiishe, na mtu mzima aliyesoma kitabu hiki zamani kwa ajili ya mtihani mara nyingi hugundua kwamba anakumbuka moto, kicheko cha usiku na harusi iliyovunjika kanisani, lakini hawezi kueleza kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda.

Kwa maoni yangu, ugumu wa riwaya hii hauko katika Kiingereza chake. Uko katika mambo ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyaeleza, kwa sababu wasomaji wake wa mwaka 1847 waliyajua kama sisi tunavyojua nani hukaa wapi kwenye msiba: nani anapaswa kumlea yatima, mwanamke asiye na mali ana njia ngapi za kupata riziki, ndoa huvunjwaje, na fedha ya mke huwa ya nani. Msomaji akishayajua hayo, sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kuwa fumbo au ukaidi wa mhusika huwa jambo la kueleweka kabisa.

Tuanze na majina. Charlotte Brontë ndiye mwandishi. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1816 katika kijiji cha Thornton, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akafariki tarehe 31 Machi 1855 akiwa na umri wa miaka 38. Jane Eyre ni mhusika aliyemuumba, na pia ni jina la riwaya yenyewe, iliyochapishwa London mwezi Oktoba 1847. Jane Austen ni mtu mwingine kabisa, mwandishi wa kizazi kilichotangulia, aliyefariki mwaka 1817 wakati Charlotte ana umri wa mwaka mmoja tu. Charlotte alipokuja kumsoma Austen, hakupendezwa. Alimwandikia mhakiki mmoja mwaka 1848 kwamba aliona humo bustani iliyozungushiwa ua na kutunzwa vizuri, lakini hakuona uwanda wala kupata hewa safi. Emily, mdogo wake Charlotte, ndiye mwandishi wa Wuthering Heights, na Anne, kitinda mimba wa familia, aliandika Agnes Grey, na vitabu vyao vyote viwili vilitoka Desemba ya mwaka huohuo wa 1847. Jina la ukoo wao huandikwa kwa nukta mbili juu ya herufi ya mwisho ili msomaji wa Kiingereza asiimeze, ilhali msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kutamka kila irabu, hulisoma sawasawa bila kufundishwa. Nukta hizo zilikosekana kwenye jiwe la kumbukumbu la ndugu hawa katika kanisa la Westminster Abbey hadi zilipoongezwa mwaka 2024. Jina lenye mtego kwetu ni Eyre, ambalo hutamkwa kama lile neno la Kiingereza lenye maana ya hewa.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Jane, mtoto wa miaka kumi, analelewa kwa mateso katika nyumba ya Gateshead, kisha anapelekwa Lowood, shule ya bweni ya hisani, anakokaa miaka minane, sita akiwa mwanafunzi na miwili akiwa mwalimu. Akiwa na miaka kumi na minane anaajiriwa katika jumba la Thornfield kumfundisha msichana mdogo, Adèle, na huko anapendana na mwenye nyumba, Bwana Edward Rochester. Siku ya harusi mwanasheria anasimama kanisani na kutangaza kwamba Rochester tayari ana mke aliye hai. Jane anakimbia, nusura afe kwa njaa, anaokolewa na ndugu watatu wa familia ya Rivers, anarithi mali, na mwishowe anarudi kwa Rochester, ambaye wakati huo ni kipofu na mjane.

Neno la kwanza la kulifafanua ni yatima. Katika sheria ya Kiislamu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, lakini katika mazungumzo ya kila siku tunalitumia hata kwa aliyefiwa na mama peke yake. Riwaya yenyewe inalichukua kwa upana huohuo, kwani Jane anapofika Lowood anaambiwa kwamba wasichana wote waliomo wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Jane alifiwa na wote: baba yake, kasisi maskini, aliambukizwa homa alipokuwa akiwatembelea mafukara wa mji wa viwanda, mama naye akaambukizwa, na wote wawili wakafa ndani ya mwezi mmoja. Charlotte alifiwa na mama mwaka 1821, akiwa na miaka mitano, lakini baba yake, kasisi Patrick Brontë, mzaliwa wa Ireland, aliishi hadi mwaka 1861, akafiwa na mke na watoto wake wote sita. Kwa hiyo anayesema kwamba mwandishi alikuwa yatima kama Jane amechanganya mambo, kwa kuwa Charlotte daima alikuwa na nyumba ya baba ya kurudi, na kukosekana kwa nyumba hiyo ndiko hasa kunakomfanya Jane awe Jane.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko Kiingereza chenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa mama na kaka wa baba, na tena neno moja kwa shangazi, mama mdogo na mke wa mjomba, kiasi kwamba wasomaji wengi hudhani yule Bi Reed anayemtesa Jane ni damu yake. Siye. Bi Reed ni mkaza mjomba. Aliyekuwa damu yake ni Bwana Reed, mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye alimchukua mtoto huyo akiwa mchanga na kisha, akiwa kitandani pa mauti, akamwapisha mkewe amlee kama wa kumzaa mwenyewe. Mjomba akafa. Kilichobaki kati ya mwanamke huyu na mtoto huyu hakikuwa damu wala mapenzi, bali wosia ambao mwanamke hakuutaka na hakuthubutu kuuvunja waziwazi.

Fungua sura ya kwanza uone jambo hili kwa karibu. Ni siku ya baridi na mvua ya mwezi Novemba. Jane amepanda kwenye kibaraza cha dirisha, amekunja miguu, amelivuta pazia jekundu likamfunika, na mapajani ana kitabu cha Thomas Bewick chenye picha za ndege. Binamu yake John, mvulana wa miaka kumi na minne, anamwita atoke, anampiga, kisha anamuuliza alikuwa akifanya nini nyuma ya pazia. Alikuwa akisoma. John anadai kitabu, na maneno anayoyatamka yanastahili kuangaliwa moja moja: kwamba Jane hana haki ya kuchukua vitabu vyao, kwamba ni tegemezi, kwamba hana fedha, kwamba baba yake hakumwachia chochote na alipaswa kuwa akiombaomba. Kisha anamwamuru akasimame mlangoni, mbali na kioo na madirisha, na hapo ndipo anapomrushia kitabu hicho hadi Jane anaanguka na kupasuka kichwa. Mvulana huyu, katikati ya hasira yake, amekumbuka kwamba kioo kina thamani.

Sisi tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jane hakupewa heshima ya mgeni wala hakupewa jembe, na mmoja wa watumishi wa nyumba anamwambia wazi kwamba yeye ni chini ya mtumishi, kwa sababu mtumishi hufanya kazi kwa ajili ya chakula chake. Yeyote aliyemwona mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akawa anakula jikoni baada ya wengine kushiba, anaijua hali hii bila kuhitaji maelezo ya profesa. Na mwuza dawa anayekuja kumtibu anapomuuliza kama angependa kwenda kwa ndugu wa upande wa baba, ambao huenda ni maskini, Jane anakataa, na anaeleza baadaye kwamba hakuwa shujaa kiasi cha kununua uhuru kwa kuipoteza hadhi ya tabaka lake. Napenda sana kwamba mwandishi hakumfanya mtoto huyu malaika. Alimfanya mtoto wa miaka kumi aliyefundishwa kuuogopa umaskini.

Lowood ndiyo sehemu inayozua swali la pili, yaani kama kisa hiki ni cha kweli. Kwenye ukurasa wa jina wa toleo la kwanza kiliitwa tawasifu, maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwenyewe, na mtu aliyetajwa kuwa mhariri aliitwa Currer Bell. Hakuwepo mtu wa jina hilo. Charlotte na wadogo zake walikuwa wamechagua majina ya kubuni, Currer, Ellis na Acton Bell, yanayohifadhi herufi za mwanzo za majina yao halisi na yasiyofichua kama mwenye jina ni mwanamume au mwanamke. Walikuwa na sababu. Mwishoni mwa mwaka 1836 Charlotte alimwandikia mshairi wa taifa, Robert Southey, kumwomba ushauri kuhusu mashairi yake, naye akamjibu mwaka 1837 kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke, na haipaswi kuwa. Mwaka 1846 dada hao watatu walilipia wenyewe uchapishaji wa diwani yao, na nakala mbili tu zikauzwa. Jane Eyre iliyofuata ilipendwa mara moja, na uvumi ukaenea kila mahali: kwamba akina Bell ni mtu mmoja, kwamba ni mwanamume, kwamba ni mwalimu wa nyumbani aliyefanya kazi kwa mwandishi William Thackeray, kwa kuwa toleo la pili lilitabarukiwa kwake na, bila Charlotte kujua, mke wa Thackeray naye alikuwa na maradhi ya akili.

Mwezi Julai 1848 Charlotte na Anne walisafiri kwa treni usiku kucha hadi London, wakaingia katika ofisi ya mchapishaji George Smith, na Charlotte akamkabidhi barua ambayo Smith mwenyewe alikuwa amemwandikia Currer Bell. Smith akauliza ameipata wapi barua hiyo. Alikuwa ameipata posta, kwa sababu ilikuwa yake.

Sasa, kuhusu ukweli wa Lowood. Mwaka 1824 Charlotte, akiwa na miaka minane, alipelekwa pamoja na dada zake katika shule ya mabinti wa makasisi iliyokuwa Cowan Bridge. Chakula kilikuwa kibaya, baridi kali, nidhamu ya kikatili, na mwaka uliofuata dada zake wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa na kufa kwa kifua kikuu, mmoja mwezi Mei na mwingine mwezi Juni. Maria alikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyegeuka kuwa Helen Burns katika riwaya, yule rafiki mpole wa Jane anayekufa usiku huku Jane amelala ubavuni mwake, mikono yake ikiwa imemkumbatia shingoni. Kwa miaka kumi na mitano, Jane anatuambia, kaburi la Helen lilikuwa tuta la majani tu, lakini sasa lina kibao cha marumaru ya kijivu chenye jina lake na neno moja la Kilatini lenye maana ya "nitafufuka". Jane hasemi nani alikiweka kibao hicho, lakini msomaji anayefuatilia anajua ni nani pekee aliyekuwa akilikumbuka kaburi hilo, na kwamba kufikia wakati huo alikuwa na fedha za kununulia marumaru.

Msimamizi wa Cowan Bridge, kasisi William Carus Wilson, alitambulikana katika sura ya Bwana Brocklehurst, yule mtu mrefu mwenye mavazi meusi, aliyesimama wima kama nguzo, anayemuuliza Jane afanye nini ili aepuke moto wa jehanamu, na Jane akajibu kwamba atunze afya yake asife. Elizabeth Gaskell alipochapisha wasifu wa Charlotte mwaka 1857 na kueleza habari za shule hiyo, watetezi wa kasisi huyo na mume wa marehemu Charlotte walijibizana magazetini. Jibu langu kwa swali hili ni kwamba mbao zilikatwa kwenye msitu ambao Charlotte aliujua mti kwa mti, lakini jahazi ni la kubuni: hakulelewa na mkaza mjomba, hakurithi mali kutoka kisiwa cha Madeira, na hakuna Thornfield iliyoungua mbele ya macho yake.

Neno lingine linalohitaji ufafanuzi ni kazi ya Jane. Wengine hulitafsiri kuwa yaya, na kwa kosa hilo nusu ya kitabu hupotea. Jane ni mwalimu wa nyumbani, yaani mwanamke msomi asiye na mali anayeishi kwa mwajiri na kuwafundisha watoto wake lugha, muziki na kuchora. Katika Uingereza ya wakati ule, mwanamke wa tabaka la kati aliyekosa baba, mume au urithi hakuwa na kazi nyingi za heshima za kuchagua, na hii ilikuwa mojawapo ya chache. Tatizo lake halikuwa mshahara mdogo peke yake. Mwalimu wa nyumbani alikuwa msomi mno kuweza kula na watumishi na maskini mno kuweza kula na mabwana, na hivyo angeweza kukaa miaka katika nyumba iliyojaa watu bila kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Charlotte aliifanya kazi hii mwaka 1839 na tena mwaka 1841, na katika barua moja alieleza kwamba mshahara wake uliotajwa kuwa pauni 20 kwa mwaka ulikuwa kwa kweli pauni 16, kwa sababu gharama ya kufuliwa nguo ilikatwa humo. Thornfield wanamlipa Jane pauni 30 kwa mwaka, maradufu ya alichopata Lowood.

Kuna jioni moja huko Thornfield ambayo naiona kuwa jibu la ile sura ya kwanza. Rochester ameleta wageni matajiri na ameamuru Jane awepo sebuleni. Jane anakaa dirishani, pazia likimficha nusu, na mabibi wa kitajiri wanaanza kuwadhihaki walimu wa nyumbani kwa sauti, wakijua kwamba yupo na anasikia. Miaka minane imepita, sasa ni mtu mzima mwenye elimu na ujuzi, na bado yuko nyuma ya pazia katika nyumba ya wengine akikumbushwa kwamba si wa hapo. Kwa sababu hiyo anapomwambia Rochester baadaye, bustanini, kwamba umaskini wake, udogo wake na sura yake ya kawaida havimaanishi kwamba hana roho wala moyo, hayo si maneno ya mapenzi peke yake. Anawajibu wote, tangu John Reed.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe, yaani ndoa. Msomaji wa Pwani mara nyingi huuliza jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hawezi hata kuliwaza: kama Rochester alikuwa na mke mgonjwa na akampenda mwanamke mwingine, kwa nini asioe tu mke wa pili? Jibu ni kwamba sheria ya Uingereza haikutambua mitala hata kidogo. Kuoa wakati mke wa kwanza yu hai lilikuwa kosa la jinai, na ndoa ya pili haikuhesabiwa kuwa ndoa. Mwanasheria aliposimama kanisani, hakuiahirisha harusi. Alionyesha kwamba harusi hiyo haiwezi kuwepo. Jane asingekuwa mke mdogo mwenye zamu yake, chumba chake na haki ya kurithi, yeye na watoto wake. Angekuwa hawara, watoto wake wangehesabiwa kuwa wa nje ya ndoa, na siku Rochester atakapomchoka asingekuwa na pa kudai.

Basi kwa nini asimpe mke wa kwanza talaka? Kabla ya mwaka 1857 hapakuwa na mahakama ya kawaida Uingereza iliyoweza kuvunja ndoa kiasi cha kumruhusu mtu kuoa tena. Aliyetaka hilo alihitaji sheria mahsusi ipitishwe na Bunge kwa ajili yake, jambo lililowezekana kwa matajiri wachache, na sababu iliyokubalika ilikuwa uzinzi. Wazimu haukuwa sababu ya talaka Uingereza hadi sheria ya mwaka 1937. Rochester anadai kwamba mkewe, Bertha, alikuwa pia mwasherati, lakini anaeleza kwamba madaktari walikwisha kuthibitisha wazimu wake, na kwa hiyo mlango wa sheria ukafungwa. Amefungwa kweli. Hata hivyo, sheria haikumlazimisha kumdanganya msichana wa miaka kumi na minane asiye na ndugu hadi madhabahuni, na nasema wazi kwamba sikubaliani na wale wanaomfanya Rochester kuwa mwathirika tu. Alimchagua mtu ambaye hakuwa na baba, kaka wala mjomba wa kuuliza maswali kabla ya harusi. Hii pia ni maana ya yatima.

Bertha naye anahitaji kutendewa haki. Si jini, si mzuka, ingawa kicheko chake usiku humfanya msomaji adhani hivyo. Ni binadamu, binti wa mfanyabiashara na mwenye mashamba wa Jamaika, aliyeolewa kwa ajili ya pauni 30,000. Baba yake Rochester alitaka kumwachia mwanawe mkubwa mashamba yote bila kuyagawa, hivyo akamtafutia mdogo mke mwenye mali ng'ambo. Utajiri wa mashamba ya Jamaika wakati huo ulitokana na jasho la watumwa, kama ulivyokuwa utajiri wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na Bunge la Uingereza lilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1834. Charlotte hakulisema hili kwa uwazi, na Bertha hapewi hata sentensi moja ya kujieleza. Karibu kila tunachojua kumhusu tunakisikia kwa mume aliyemfungia. Mwandishi Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, aliliona pengo hilo na mwaka 1966 akachapisha riwaya nzima, Wide Sargasso Sea, kumpa Bertha maisha yake ya nyuma.

Jane anapokataa kuwa hawara, anaondoka alfajiri na shilingi 20 mfukoni. Dereva wa gari la farasi anamfikisha pale nauli inapoishia, njiapanda nyikani, na Jane anagundua kwamba amesahau kifurushi chake garini. Sasa hana kitu. Anawaza kutoa leso yake ya shingoni na glavu zake ili apewe mkate, anakataliwa, na kwenye mlango wa nyumba moja anamwomba msichana uji uliopoa uliokuwa unamwagwa kwenye hori la nguruwe. Anaula kwa pupa. Wanaosema kwamba hiki ni kisa cha msichana maskini aliyeokolewa na tajiri huisahau sehemu hii, ambamo tajiri alimpa kila kitu, nyumba kusini mwa Ufaransa, hariri na vito, naye akachagua uji wa nguruwe kwa sababu alijijali mwenyewe.

Kinachomwokoa ni urithi, na hapa tena istilahi zetu za ukoo zinafungua mambo. Mateso yote ya Jane yalitoka ujombani. Mali inatoka kwa ami yake, John Eyre, mfanyabiashara wa Madeira, ambaye alimtafuta miaka mitatu kabla, lakini Bi Reed akamjibu kwa barua kwamba Jane alikufa Lowood. Na wale ndugu wa familia ya Rivers waliomwokota mlangoni ni watoto wa shangazi yake, kwa hiyo mtu yuleyule aliyekuwa ami wa Jane alikuwa mjomba wao. Marehemu aligombana na baba yao, akawanyima, akampa Jane zote, pauni 20,000. Kwa mshahara wake wa Thornfield, Jane angefanya kazi zaidi ya miaka 660 kuipata fedha hiyo. Anaigawa sawasawa kwa wanne, pauni 5,000 kila mmoja, na ndugu zake wanadhani hajaelewa thamani ya anachokitoa. Ameielewa vizuri. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akila cha wengine hakutaka kuwaona ndugu zake wakila chake.

Fedha hii ndiyo inayobadilisha maana ya kurudi kwake kwa Rochester. Msomaji aliyezoea sheria ya Kiislamu, ambamo mali ya mke na mahari yake hubaki yake, anapaswa kujua kwamba Uingereza haikuwa hivyo. Hadi sheria za mwaka 1870 na 1882, mwanamke alipoolewa mali yake ya fedha iliingia mikononi mwa mume, isipokuwa kama ilifungwa kwa mkataba maalumu kabla ya ndoa. Charlotte aliufanya mkataba wa namna hiyo kabla ya kuolewa na kasisi Arthur Bell Nicholls mwezi Juni 1854, ili fedha alizopata kwa kalamu zibaki chini ya ulinzi. Jane Eyre peke yake ilimletea pauni 500, mshahara wa zaidi ya miaka 30 wa mwalimu wa nyumbani aliyekuwa. Ndoa hiyo haikufikisha mwaka. Alifariki mwezi Machi uliofuata, na inaaminika kwamba alikuwa mjamzito.

Jane anarudi, basi, bila kumhitaji Rochester kwa chakula, paa wala jina, naye anamhitaji yeye hata kumshika mkono ili avuke chumba, kwa maana Bertha aliichoma Thornfield na kujirusha kutoka juu ya paa, na Rochester alipoteza macho na mkono mmoja katika moto huo. Sura ya mwisho inafunguka kwa sentensi fupi ambayo huenda ndiyo maarufu kuliko zote kitabuni, na ndiyo inayomtesa mfasiri wa Kiswahili kuliko zote. Katika Kiingereza kitenzi kimoja hutumika kwa mwanamume na kwa mwanamke. Sisi tunasema mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Ukiandika "Msomaji, niliolewa naye", sarufi ni safi, lakini umemrudisha Jane katika hali ya kutendwa, hali aliyokuwa akiikimbia tangu nyuma ya pazia la Gateshead. Ukiandika "nilifunga naye ndoa", umepata salama na umepoteza nguvu. Mimi, kwa kuwa ni yeye aliyesafiri kwenda kumtafuta, kwa fedha yake, bila kuomba ruhusa ya mtu, ningekubali lawama za wahariri na kuandika alichokisema: "Msomaji, nilimwoa."